Sikukuu si mara moja kwa mwaka

Ikifika Desemba tuna sentensi moja inayomaliza kila ubishi wa fedha nyumbani: "Sikukuu ni mara moja kwa mwaka." Mke akiuliza ada ya mtoto itatoka wapi, anajibiwa hivyo. Mume akishtuka kusikia bei ya vitenge vya sare ya ukoo, naye anajibiwa hivyo hivyo. Mimi nasema ni uongo, tena uongo wa gharama, na ndio unaowafanya watu wazima wauanze mwaka kwa presha.

Tuhesabu. Chukua familia ya Kichaga ya Rombo au Machame inayoishi Dar es Salaam, wale ambao utani wa mjini unasema mwisho wa mwaka wanakwenda Kilimanjaro "kuhesabiwa". Kwa kuwa Desemba ndipo ukoo wote uko nyumbani, kila shughuli iliyosubiri mwaka mzima inasukumiwa humo: kipaimara cha mtoto wa kaka, mchumba wa binamu kutambulishwa, harusi mbili, misa ya shukrani, kaburi la babu kujengewa. Kila shughuli ina kadi ya mchango, na kila kadi ina kundi lake la WhatsApp lenye mweka hazina asiyelala. Hapo bado nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupanga nauli kikomo na kutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, lakini nenda stendi ya Mbezi wiki ya Krismasi bila tiketi uone wapiga debe watakavyokupangia bei yao. Hiyo mara moja ni mara ngapi?

Mambo yakiharibika tunaisingizia Januari. Wakenya wameibatiza Njaanuari, sisi tunasema ina siku tisini. Januari ina siku 31, sawasawa na Desemba. Kinachorefuka ni pengo kati ya mshahara na mshahara, maana waajiri wengi hulipa mapema ili watu wasafiri. Aliyelipwa tarehe 20 Desemba akasubiri hadi tarehe 25 Januari ana siku 36 za kuishi kwa mshahara wa mwezi mmoja, na sehemu kubwa ya mshahara huo imeshaliwa kabla ya Mwaka Mpya. Katikati ya pengo hilo shule zinafunguliwa. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ila sare, viatu, begi na madaftari bado ni juu ya mzazi. Mwenye mtoto shule ya binafsi ndiyo kabisa. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Aliyekwama anaangukia mikopo ya riba kali, ile ya kausha damu. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Hao hawakupigii wewe tu ukichelewa kulipa. Wanamtumia ujumbe bosi wako, shemeji yako na jirani yako. Kreti za soda ulizonunua kulinda heshima ndizo zinazokuvua nguo hadharani.

Kisha redioni anakuja mshauri: pumua taratibu, tembea kidogo, sikiliza muziki laini. Sina ugomvi na kupumua. Ila deni halipungui kwa pumzi. Msongo wa mawazo wa Desemba haukuanzia kichwani, umeanzia kwenye bajeti na kwenye mgawanyo wa kazi.

Ndiyo, na kazi. Ingia jikoni huko mgombani tarehe 25. Mke wa mtoto wa kwanza yupo hapo tangu saa kumi na moja alfajiri. Ndizi za mtori zimejaa mabeseni mawili, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu, moshi unamtoa machozi. Nje wanaume wameizunguka ndafu, kata ya mbege inapita mkono kwa mkono. Saa tisa alasiri anakula akiwa amesimama, na jioni anaambiwa chumvi ilizidi. Huyu naye ana ajira mjini, na hii ndiyo likizo yake ya mwaka. Mtu huyo unamwambia apumzike vipi?

Wapo watakaosema nawafundisha vijana kuwatelekeza wazazi. Hapana. Kwenda nyumbani ni jambo jema, na Wachaga wametuzidi wengi kwa hilo. Watoto wanakijua kihamba chao, wanaonyeshwa makaburi ya mababu, ndugu waliogombana wanapelekeana isale, jani la kuombana radhi, na kusameheana. Angalia lakini: hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji gari la kukodi, wala sare ya kitenge. Tumeyafunga mambo mema na maonyesho katika furushi moja, ndipo tunaambiwa anayekataa maonyesho kaukataa ukoo. Na kama ni mama unayemtamani, nenda Juni. Siti zipo, na atakuwa na muda wa kukaa na wewe, hatakuwa akihesabu sahani za wageni.

Dawa basi iko wapi? Bajeti ya sikukuu itajwe kwenye kundi la ukoo mwezi Oktoba, kwa tarakimu. Shughuli zisizo na haraka zihamishiwe Pasaka. Wanaume wamenye ndizi.

Lakini wa kuanza si yule asiye nacho. Yeye akisema "sina", ataitwa bahili au mzembe, basi anakopa na kunyamaza. Wa kuanza ni yule mwenye uwezo, anayefika kwa gari lake na kupanga kiwango ambacho wadogo zake watajiua kukifikia. Mwenye uwezo wa kuchinja ng'ombe mzima akija na kilo tano za nyama, akazikabidhi mbele ya watu bila kuona haya, atakuwa ameusaidia ukoo wake kuliko michango yote aliyowahi kutoa.