Kioo kizima kinaitwa kibovu

Mhariri,

Inaniuma kuona majirani hapa Musoma, na ndugu zetu wa Bunda na Butiama, wakiuza runinga za LED kwa bei ya chakavu kwa kuwa fundi amesema kioo kimekufa. Sauti ikitoka bila picha, zima taa za chumba, umulike skrini kwa tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima. Shida iko kwenye taa za nyuma yake au sakiti inayoziwasha. Vifaa hivyo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko kioo. Ukishatengenezewa, punguza mwangaza, maana joto huziunguza taa hizo.

Mafundi wetu, tafadhali fanyeni kipimo hicho mbele ya mteja kabla ya kutaja bei.

Msomaji wako,
Musoma