Trekta Kuukuu na Vazi Lake la Kazi

Ndugu msomaji, natuchukue mfano wa mzee mmoja mkazi wa Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba. Mzee huyu ana trekta aina ya Massey Ferguson 135. Matrekta ya aina hiyo yalianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na kwa hiyo trekta lake lina umri wa mtu mwenye wajukuu. Katika vibanja vya Buhaya, migomba na mibuni hulimwa kwa jembe la mkono, na trekta hutafuta riziki yake kwa kukokota trela: leo mawe na mchanga wa ujenzi, kesho kuni na ndizi. Ada za watoto hutoka humo.

Sasa boneti imepauka, na madigadi zinaliwa na kutu. Jirani mmoja anamshauri alipeleke mjini likapulizwe rangi ing'aayo kama gari la arusi. Mwingine anamwambia aache, kwa kuwa kutu haizuii injini kuwaka. Je, yupi amesema kweli?

Sisi twasema hakuna hata mmoja. Rangi ya trekta la kazi si pambo, bali ni vazi la kuzuia mvua. Bukoba hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu wa Ziwa Victoria haupumziki. Chuma kilicho uchi katika hali hiyo hutoboka, na bati la madigadi likitoboka gharama yake huzidi kopo la rangi mara nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini mng'aro wa arusi nao ni hasara, kwani jiwe la kwanza litakaloanguka kutoka kwenye trela litaukwaruza.

Basi kazi na ifanywe hivi. Wakati ufaao ni kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua. Kwanza, mahali panapovuja mafuta pazibwe, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Nyaya za betri zifunguliwe. Kisha grisi na tope zikwanguliwe, chuma kisuguliwe kwa mafuta ya taa, halafu kioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisuuzwe na kukaushwa vema. Petroli isitumike kuoshea, kwa kuwa mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo tu. Mafundi wengi huiharakisha hatua hii ya kuosha, na ndiyo maana rangi yao hubanduka kabla ya mwaka kwisha.

Sasa, ndugu msomaji, hapa yatupasa kutua kidogo, kwa kuwa jambo hili lagusa watoto. Rangi nyingi za miaka ile zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, na hudhuru ubongo wa mtoto mdogo hata likiwa kidogo sana. Basi rangi ya zamani isikwanguliwe kavu, wala isichomwe moto. Tumia msasa wa maji, uuloweshe kila mara, na utandike turubai chini. Kazi ifanyike mbali na jiko, kisima na kuku. Watoto wasisogee, hata kama wana hamu ya kumsaidia babu. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, nguo zake zifuliwe peke yake, naye anawe kabla ya kula au kumbeba mtoto. Makapi yafungwe katika kopo lenye kifuniko, yasitupwe shambani. Bwana afya aulizwe mahali pa kuyapeleka.

Chuma kikiwa safi na kikavu, kipakwe siku hiyo hiyo praima ya kuzuia kutu. Kesho yake ifuate rangi ya mafuta, mikono miwili myembamba badala ya mmoja mnene. Brashi yatosha. Anza umande ukikauka, na uache mapema alasiri, usije umande wa jioni ukaikuta rangi ingali mbichi. Ndani ya madigadi, ambako tope hujificha, pakwa mkono wa tatu.

Usipake rangi kwenye mipira, mapezi ya rejeta, nipeli za grisi, wala kibati chenye namba za trekta. Bila namba hizo, kutafuta vipuri na kuthibitisha umiliki ni taabu. Eksozi yahitaji rangi yake maalumu ya kustahimili joto.

Na rangi gani? Kwa desturi mabati ya 135 ni mekundu, na injini ni ya kijivu. Kijivu hicho kina faida yake: juu ya injini safi ya rangi hafifu, tone la mafuta linalovuja huonekana mapema, nawe utaliziba kabla halijawa matengenezo makubwa. Baki la rangi lihifadhiwe, kila mkwaruzo ufunikwe mara uonekanapo.

Naam, mzee wetu hatapata trekta jipya. Atapata trekta lile lile, likiwa limevaa vazi linalofaa kazi yake, na wajukuu wake watakuwa salama. Kitunze kidumu. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.