Maji ya Nizi: hidra anaweza kusema kabla ya mashine kufika

Dhahabu ya Kilo ilijulikana tangu mwaka 1903, wakati wa Leopold II, na tangu hapo mito ya Djugu haijapumzika. Nizi, upande wa kaskazini ya mji wa Bunia, ni moja kati ya sehemu nyingi ambako udongo unaoshwa ndani ya maji yale yale ambayo, chini kidogo, mama mwingine anayateka kwa bidoni ya njano. Maji hayo yanateremka hadi Ituri, Ituri unageuka Aruwimi, Aruwimi unaingia mto Kongo. Tope kila mtu analiona. Lakini zebaki, ile dawa ya majimaji inayoshika chembe za dhahabu na ambayo wachimbaji wadogo wa sehemu nyingi za Kongo wanaitumia, haionekani ndani ya bidoni. Kuitafuta si lazima kuanze na mashine ya dola maelfu. Kunaweza kuanza na mnyama asiye na ubongo.

Mnyama huyo ni hidra. Anaishi katika maji matamu, ameshikilia jani ao jiwe, na urefu wake ni milimita chache tu. Mwili wake ni kama mfuko wenye mdomo mmoja, na mikono myembamba kuuzunguka. Abraham Trembley wa Geneva alishangaza Ulaya katika miaka ya 1740 alipomkata vipande na kuona kila kipande kinakuwa hidra mzima. Wanafunzi wengi wa biolojia wanamjua kwa sababu hiyo. Jambo la chakula chake halizungumzwi sana, na ndilo lenye faida kwa Ituri.

Hidra anapomchoma mdudu wa maji kwa miiba yake midogo, mdudu anavuja. Katika kile kinachovuja kuna glutationi, kitu ambacho kinapatikana ndani ya chembe za karibu viumbe vyote. Mwaka 1955 Mmarekani W. F. Loomis alionyesha kwamba glutationi peke yake, bila mdudu yeyote, inatosha: hidra anakunja mikono na kufungua mdomo akidhani chakula kimefika. Aliyeshiba haitiki. Mwenye njaa anaitika haraka.

Kisha likaja jambo la ajabu zaidi. Kuna protini ambazo mwili unazitumia kuziambia chembe zikue na zigawanyike. Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipata tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kuzigundua. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, watafiti wa Japani walitia protini za namna hiyo, zile za wanyama wenye uti wa mgongo, katika maji ya hidra. Kiasi kilikuwa kidogo sana, na bado mikono haikujikunja tena kama kawaida. Ujumbe wa kukua uligusa namna ya kula. Ukifikiri vizuri si kioja: hidra aliyelishwa vizuri anachipua watoto ubavuni, na akikosa chakula anaacha kuchipua. Kwake kula na kukua ni habari moja.

Hakuna anayesema protini hizo ndizo zinazoelea katika mto wa Nizi. Lakini mnyama ambaye ulaji wake unabadilishwa na kitu kidogo namna hiyo hawezi kuficha akikaa ndani ya maji mabaya. Huko Kanada na kwingineko wanamtumia hivyo tayari. Zebaki, shaba ao kadmiamu vikiwa ndani ya maji, ncha za mikono yake zinavimba kama virungu, kisha mikono inafupika, na anakamata wadudu wachache. Hapo bado anaweza kupona akirudishwa katika maji safi. Akifika kuwa na umbo la ua lililojifunga, amekwisha.

Wengine watauliza kama ni wakati wa mambo haya, katika teritori iliyojaa wakimbizi tangu mapigano yarudi mwishoni mwa 2017. Ndiyo, hasa kwa sababu hiyo: mtu aliyekimbia hachagui mto. Wengine watasema, kwa haki, kwamba hidra hawezi kutaja jina la sumu. Kweli, hawezi. Anaweza kuonyesha ni chupa gani inastahili kulipiwa pesa ya kupimwa mbali, na ni ipi iachwe. Kwa jimbo lenye mifuko mitupu, hiyo ni akiba.

Vyuo vikuu vya Bunia vina wanafunzi wa biolojia wanaochora mnyama huyu ubaoni bila kumwona. Kumfuga kunahitaji mabakuli ya kioo, maji safi, viroboto-maji wa kumlisha na kioo cha kukuzia. Hata baridi ya Bunia, mji ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, inamfaa. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuamua, na utawala wa kuwapa vijana ruhusa na usalama wa kufika mtoni. Chupa tatu zinatosha kuanza: moja ya juu ya machimbo, moja ya kwenye machimbo, na moja ya pale bidoni zinapojazwa.