Dozi Iliyoandikwa na Dozi Iliyofika

Mgonjwa wa saratani ya ini kutoka Meru au Embu anayekwenda kutibiwa Nairobi hurudi na bahasha nene: majibu ya damu, picha za CT, risiti, tarehe ya kliniki. Ikiwa ametibiwa kwa mionzi iliyopelekwa ndani ya ini lenyewe, iko karatasi moja inayozidi hizo zote kwa uzito, nayo ni ile inayoonyesha mionzi ilituama wapi na kwa kiasi gani. Hoja ya toleo hili ni kwamba picha inayopigwa baada ya tiba ni sehemu ya tiba.

Tuchukue itriamu-90. Vishanga vilivyoibeba, vyembamba kuliko unywele, hupitishwa kwa katheta hadi kwenye ateri ya ini, kwa kuwa uvimbe hunywa damu yake karibu yote humo, ilhali sehemu ya ini yenye afya hutegemea zaidi veini itokayo matumboni. Mionzi yenyewe hupenya wastani wa milimita 2.5 tu. Kwa hesabu, gigabekereli 1 ikienea sawasawa katika kilo 1 ya ini huacha karibu grei 50. Lakini damu haigawi sawasawa. Mkulima wa kahawa wa Runyenjes analijua hili: bomba likiisha dawa, bado hajui kama imefika chini ya jani, kutu inakokaa. Vishanga vingine hukimbilia mapafuni. Vikipotelea tumboni huacha vidonda.

Ndiyo maana ya skani. Itriamu hupungua nusu kila baada ya saa 64, kwa hiyo picha haingoji. Kamera ya gama huionyesha kwa ukungu. PET huona vizuri zaidi, ingawa katika kila atomi milioni 1 zinazooza ni takriban 32 tu zinazotoa positroni ambazo PET huzitegemea.

Ufaransa, utafiti wa DOSISPHERE-01 uliochapishwa mwaka 2021 uligawa wagonjwa 60 katika makundi mawili. Waliopangiwa angalau grei 205 kwenye uvimbe waliishi miezi 26.6 kwa wastani wa kati. Waliopangiwa kwa kanuni ya kawaida, 10.7. Wagonjwa ni wachache, tukubali. Tena dozi zile zilikadiriwa kabla ya tiba, na picha ya baadaye ndiyo inayosema kama makadirio yalitimia.

Wapo watakaotuuliza kwa nini tusizungumzie kwanza kinga ya saratani hii, yaani usalama wa mahindi na chanjo. Wana haki. Mwaka 2004 aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na chanjo ya hepataitisi B iliingia katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001 tu. Waliozaliwa kabla ya hapo ndio hasa wanaojaza foleni zetu leo, na hao wanahitaji tiba inayoweza kukaguliwa.

Hatudai PET iletwe Meru kesho. Zilizopo Nairobi, katika hospitali ya Aga Khan tangu 2018 na baadaye ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, zinatosha kuanzia. Tunachodai ni ripoti. Wiki kadhaa baada ya mionzi, mgonjwa anaweza kufika Embu Level 5 macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Je, ni saratani imesonga mbele, au ni ini lililoumizwa na mionzi? Daktari asiye na takwimu za dozi anabaki kukisia, na matibabu ya hali hizi mbili hayafanani.

SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyorithi kazi ya NHIF Oktoba 2024, iilipie skani hii pamoja na tiba, si kama nyongeza ya hiari. Mamlaka ya nyuklia, KNRA, idai grei za uvimbe, za ini na za mapafu ziandikwe katika kila faili. Nanyi madaktari wa Meru na Embu, mnapomwandikia mgonjwa rufaa ya kwenda Nairobi, ombeni kwa maandishi kwamba ripoti hiyo irudi naye.