Kibumba: kwa nini hakuna aliyetaka kuondoka wa kwanza

Desemba 23, 2022, waasi wa M23 walikabidhi Kibumba, kilomita kama 20 kaskazini mwa Goma, kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jeshi la FARDC lilisema ni hadaa.

Hesabu ya pande hizi mbili si ngumu. Kila mmoja ana njia mbili: kuondoa askari au kubaki. Mwenzako akiondoka, ukibaki unapata barabara ya Goma–Rutshuru bila vita. Akibaki, ukiondoka umempa yote. Basi lolote atakalofanya, kubaki kunakulipa zaidi. Naye anawaza hivyohivyo. Wote wanabaki, na hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake. Hali hiyo ndiyo aliyoieleza Mmarekani John Nash mwaka 1950. Cha kuudhi ni kwamba wakiondoka wote, wote wanapata nafuu, wakiwemo wakulima wa kabichi waliokimbilia Kanyaruchinya.

Hesabu inaweza kugeuka akiwepo wa tatu anayeweza kumlipisha anayebaki. Kikosi cha Jumuiya kiliondoka Desemba 2023. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliingia Goma.