MIKONO YA FUNDI: Gundi ya ukingo wa gitaa

Tazama gitaa lo lote lililofanywa vema. Pale ubao wa uso unapokutana na mbavu utaona ukanda mwembamba, mweupe au mweusi, uzungukao tumbo zima. Wengi hudhani ni pambo tu. Ni pambo kweli, lakini kazi yake ya kwanza ni kuziba. Hapo ukingoni ncha za nyuzi za mti zimekaa wazi kama midomo, nazo hunywa unyevu. Tena ukingo ndio ugongao mlango kwanza. Ukanda ukibanduka, unyevu huingia, kiungo hulegea, ubao hupasuka. Na kijana aliyeuza gitaa lile kwa kwaya ataliona likirudi, na wenye kulirudisha wakidai fedha zao.

Pale Olmotonyi, juu ya mji wa Arusha, mbao si shida. Chuo cha misitu kipo tangu mwaka 1937, na miteremko ya Meru ina saiprasi na misindano mingi ya kupandwa. Saiprasi ni mti mwepesi wenye sauti. Wahispania hufanya magitaa yao ya flamenko kwa saiprasi ya kwao, ambayo ni ndugu ya hii yetu. Ukanda nao wapatikana. Wachongaji wa vinyago hubakiwa na vipande vya mpingo, na fundi mwenye msumeno mwembamba akivipasua kiasi cha milimita 2, kisha akavikunja polepole juu ya bomba la chuma lenye moto, atapata ukingo wa kupendeza kuliko ule wa dukani. Lakini ajifunge kitambaa puani, maana vumbi la mpingo huwasha.

Sasa gundi. Mwenye kutaka kuchagua gundi asianze kwa gundi; aanze kwa kuutazama ukanda wake. Je, ni mti au ni plastiki?

Kama ni mti, gundi nyeupe ya maseremala yatosha. Ni rahisi, hufutika kwa kitambaa kibichi kabla haijakauka, na kama siku moja gitaa litahitaji kufunguliwa, kisu kilichopashwa moto huilegeza. Hilo si jambo dogo, kwa sababu chombo kizuri huishi miaka mingi na kutengenezwa na mafundi wengi. Ila mpingo una mafuta. Usugue kwa msasa, uupanguse kwa spiriti, upake gundi papo hapo kabla mafuta hayajarudi juu. Tena gundi hii haipendi baridi. Ikipakwa penye ubaridi ulio chini ya nyuzi 10 hukauka kama chokaa, haina nguvu. Basi asubuhi za Juni na Julai kule mlimani, ngoja jua lipande, au pasha chumba moto kwanza.

Mafundi wa fidla wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa, na wengine huitumia hata leo. Huloweshwa katika maji baridi, kisha hupashwa moto ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, kiasi cha nyuzi 60, bila kuchemka. Ni gundi ya heshima, nayo hufunguka kwa moto na maji. Lakini huganda upesi sana, na ukanda mrefu wa gitaa hauzungushwi kwa dakika moja. Kwa mwenye kuanza, mimi simshauri.

Kama ukanda ni plastiki, gundi nyeupe haitashika kitu. Chukua kipande, kidondoshee asetoni. Kikilainika na kunata, una bahati: katakata mabaki yake, yatie katika chupa ya asetoni usiku kucha, nayo yatayeyuka yawe uji. Uji huo ndio gundi yako. (Dawa ya kuondoa rangi ya kucha si asetoni sikuzote; soma chupa.) Plastiki ya ndoo na madumu haifai kabisa, haishikwi na gundi yo yote ya kawaida. Na asetoni huwaka haraka mno. Isifunguliwe karibu na jiko wala koroboi, na watoto wakae mbali.

Gundi ya fundi viatu huwajaribu wengi, kwa kuwa ipo kila soko na hushika mara moja. Hushika, naam, lakini hubaki laini siku zote. Pale kiunoni mwa gitaa, ambapo ukanda hujivuta kutaka kunyooka, joto la Januari litaubandua polepole mpaka uone mwanya. Gundi ile ya matone, ishikayo kwa sekunde, yafaa kuziba kijipengo kidogo tu. Hukimbilia ndani ya mbao nyeupe na kuacha doa lisilotoka, hushika kope za macho, na ikidondokea nguo ya pamba hupata moto wa kuunguza ngozi.

Cho chote utakachochagua, kijaribu kwanza juu ya vipande viwili vya mabaki. Viache siku mbili, kimoja juani, kisha uvivunje. Mbao ikichanika na gundi ikabaki, endelea. Gundi ikiachia, tafuta nyingine.

Vibano vingi havihitajiki. Tyubu kuukuu ya baiskeli, ikikatwa ukanda mrefu na kuzungushwa kwa kuvutwa, hubana kiunoni na mabegani sawasawa. Kwa gundi nyeupe ifungue kesho yake. Lakini kwa ule uji wa asetoni ngoja siku tatu au nne kabla ya kukwangua, maana plastiki hunywea inapokauka, na ukikwangua mapema ukanda utazama chini ya ubao.