Mgongo wa Kuli na Kisu cha Daktari

Maumivu ya mgongo yakidumu zaidi ya miezi mitatu hayahesabiwi tena kuwa uchovu wa kazi bali maradhi sugu, na katika Soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, ambako magunia ya dagaa hushushwa na kupakiwa kwa mabega na migongo ya watu, wapo makuli waliokwisha kuyazoea kama sehemu ya ajira. Baada ya kukandwa, kuumikwa na kumeza diklofenaki hadi tumbo likaanza kuwaka moto, baadhi yao hufikishwa kwenye swali la upasuaji.

Pingili za uti wa mgongo hutenganishwa na diski, yaani visahani laini vinavyopokea mshindo. Diski ikichanika, ute wake wa ndani huweza kuchomoza na kugandamiza mshipa wa fahamu, na hapo maumivu hushuka kutoka kiunoni kupitia tako hadi unyayoni, yakifuatana na ganzi. Upasuaji wa kuondoa kipande kilichochomoza humfaa zaidi anayeumwa mguu kuliko anayeumwa kiuno peke yake, jambo linalostahili kuelezwa kabla ya fomu ya ridhaa kutiwa saini. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 283, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, ingawa katika kundi la kusubiri asilimia 39 nao waliishia kupasuliwa. Picha ya MRI pekee haitoshi kuamua, kwani hata miongoni mwa vijana wa miaka 20 wasioumwa popote, zaidi ya theluthi huonekana na diski zilizoanza kuchakaa.

Asiyeweza kuzuia mkojo au choo, aliyekufa ganzi sehemu za siri, au ambaye mguu umelegea ghafla, hana muda wa kupima faida na hasara: awahishwe Hospitali ya Bugando, si kwa mkandaji. Homa za jioni na kukonda nazo huashiria pengine kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho mara nyingi hutibiwa kwa dawa za miezi mingi.

Kwa wengine wote, hesabu ngumu ni ya kazi. Kuli hulipwa kwa gunia, hana likizo ya ugonjwa, na aliyepasuliwa akirudi kwenye mzigo uleule huweza kuirudisha diski palepale ilipochanikia. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55, ilhali taratibu za vipimo nchini, zinazokataza lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba, zinaruhusu hadi kilo 100. Marufuku hiyo ililenga kumkinga mkulima asipunjwe. Aliye chini ya gunia hakufikiriwa. Safu hii inaona kwamba mamlaka zinazotoza ushuru wa mazao sokoni zina uwezo wa kudai gunia lisilozidi kilo 50, ambao ndio uzito wa mfuko wa saruji, na hakuna mfanyabiashara wa saruji aliyefilisika kwa sababu hiyo.